Anayenunua Siye Anayekunywa

Pombe yangu ya kwanza ilinunuliwa na mtu ambaye sheria ilimruhusu kabisa kuinunua. Nilikuwa na miaka 15, naye alikuwa kaka wa rafiki yangu, kijana aliyekuwa ametimiza miaka 18 wiki tatu tu kabla ya siku hiyo. Hakuwa mhuni wala mlevi. Alikuwa mpole, na nadhani alituonea huruma jinsi tulivyomzunguka na kumbembeleza kutwa nzima. Tulichanga fedha, akaingia dukani peke yake akiwa ameshika kitambulisho mkononi hata kabla ya kuombwa, akatoka na chupa aliyoiviringisha ndani ya sweta, kisha akaikunja chenji iliyobaki na kuitia mfukoni kama ujira wake. Tukajibanza nyuma ya ukuta, sisi wadogo watatu, tukaipokezana chupa ile huku kila mmoja akijikaza asikunje uso mbele ya wenzake. Ladha yake nimeisahau. Ninachokikumbuka vizuri ni kile kitambulisho kipya, ambacho pembe zake zilikuwa bado kali, na fahari aliyokuwa nayo mwenyewe alipokuwa akikirudisha kwenye pochi.

Kumbukumbu hiyo hunirudia kila ninapokutana na swali la iwapo umri wa kisheria wa kunywa pombe ushushwe. Swali hili lina makao yake hasa Marekani, kwa sababu huko umri umewekwa kuwa miaka 21 ilhali nchi nyingi duniani zimeuweka kwenye 18. Kwa miaka mingi nilikuwa upande wa wanaotaka ushushwe, na niliiona sheria ile kuwa kichekesho cha taifa linalojisifu kwa uhuru. Leo sipo tena upande huo, ingawa bado naamini kwamba watetezi wake wana jambo moja kubwa wanalolisema kwa usahihi kabisa, nami nitalifikia.

Nianze na hoja iliyonivuta mimi mwenyewe, yaani hoja ya askari. Kijana wa miaka 18 nchini Marekani anapiga kura, anatia saini mikataba, anashitakiwa kama mtu mzima, na anaweza kuvishwa sare akapelekwa vitani. Akirudi salama, hauziwi bia. Hoja hii ina historia yake. Marufuku ya pombe ilipofutwa mwaka 1933, kwa marekebisho ya 21 ya katiba, majimbo yaliachiwa kujitungia sheria zao za vileo, na mengi yalichagua miaka 21, ambao ndio uliokuwa umri wa utu uzima katika mapokeo ya sheria za Kiingereza. Kisha ikaja vita ya Vietnam. Vijana wa miaka 18 na 19 walikuwa wakienda vitani na kurudishwa ndani ya majeneza kabla hawajaruhusiwa kumpigia kura mwanasiasa hata mmoja kati ya waliowapeleka, na mwaka 1971 marekebisho ya 26 ya katiba yakaushusha umri wa kupiga kura hadi miaka 18. Umri wa kunywa ukafuata mkumbo huo: kati ya mwaka 1970 na 1975 majimbo 29 yaliushusha, mengine hadi 18, mengine hadi 19 au 20.

Nilichochelewa kukiona ni kwamba utu uzima haujawahi kuwa mlango mmoja ambao mtu huuvuka akakuta kila kitu kimemngoja upande wa pili. Katiba hiyohiyo ya Marekani inamtaka mtu awe na miaka 25 ndipo aingie Baraza la Wawakilishi, 30 ndipo aingie Seneti, na 35 ndipo awe rais. Sheria ya shirikisho haimruhusu muuza silaha mwenye leseni kumwuzia bastola mtu aliye chini ya miaka 21. Na tangu Desemba 2019 hata sigara haziuzwi kwa aliye chini ya umri huo. Kila kikomo kimewekwa kwa kuliangalia jambo lenyewe, na kwa kuangalia nani ataumia likiharibika. Ama kuhusu askari, nakiri kwamba hoja yake hunigusa moyo kuliko inavyonishawishi, kwa maana mtu akiniambia kuwa kijana wa miaka 18 amekua vya kutosha kwenda kufa, jambo la kwanza linalonijia akilini si kumtafutia bia.

Mjadala wenyewe uliamuliwa barabarani. Kwa kuwa kila jimbo lilishusha umri kwa wakati wake na kwa kiasi chake, ilitokea mipaka ya ajabu, ambapo upande huu wa mstari kijana wa miaka 18 anauziwa kama mtu mzima na upande wa pili anaambiwa asubiri. Vijana wakawa wanavuka mpaka mwisho wa wiki wakiwa wazima na kurejea usiku wa manane wakiwa wamelewa, nyuma ya usukani, katika barabara zenye giza, hata mipaka hiyo ikaitwa mipaka ya damu. Ajali za vijana zikazidi kuonekana, na kuanzia mwaka 1976 baadhi ya majimbo yakaanza kurudi yalikotoka. Mwaka 1980, huko California, msichana wa miaka 13 aitwaye Cari Lightner aligongwa na dereva mlevi alipokuwa akitembea kwa miguu, akafa. Mama yake, Candy Lightner, akaanzisha MADD, shirika la akina mama wanaopinga uendeshaji wa magari katika hali ya ulevi, ambalo ndani ya miaka michache likawa sauti isiyopuuzwa na mwanasiasa yeyote.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hulipita haraka. Dereva aliyemuua Cari hakuwa kijana. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye rekodi ya makosa ya kuendesha akiwa amelewa. Huzuni ya mama yule ilizaa mageuzi mengi mazuri, lakini mojawapo liliwaangukia watu ambao hawakuhusika na kifo kile, na wanaotaka umri ushushwe wana haki ya kulikumbusha hilo. Mimi nalikumbuka kila ninapoona jinsi ilivyo rahisi kumfunga kamba kijana asiye na kura nyingi, na jinsi ilivyo vigumu kumgusa mzee mwenye gari lake na baa yake anayoizoea.

Tarehe 17 Julai 1984 Rais Ronald Reagan, aliyejipambanua kama mtetezi wa madaraka ya majimbo, alitia saini sheria iliyoyabana majimbo hayohayo. Ilikuwa sheria ya werevu. Serikali ya shirikisho haikuyaamuru majimbo moja kwa moja, iliyashika mfukoni. Jimbo litakaloruhusu mtu wa chini ya miaka 21 kununua pombe au kuwa nayo hadharani lingekatwa asilimia 5 ya fedha za barabara kuu katika mwaka wa kwanza, na asilimia 10 baada ya hapo. Dakota Kusini, ambako vijana wa miaka 19 walikuwa wakiuziwa bia nyepesi isiyozidi asilimia 3.2 ya kilevi, ilikwenda mahakamani kulalamika, na mwaka 1987 Mahakama ya Juu ikaamua, kwa kura 7 dhidi ya 2, kwamba masharti yale yalikuwa halali. Mwaka 1988 Wyoming nayo ikasalimu amri, na majimbo yote 50 yakawa kwenye 21. Puerto Rico, ambayo si jimbo bali ni eneo la Marekani, ilikataa. Umri wake umebaki 18 hadi leo na fedha inazokatwa imekubali kuzikosa.

Naomba msomaji ayatazame tena maneno ya sheria hiyo: kununua, na kuwa nayo hadharani. Neno kunywa halimo. Ndiyo maana katika majimbo mengi mzazi anaweza kummiminia mwanawe mvinyo mezani bila kuvunja sheria, na huko Wisconsin mzazi anaweza hata kuketi baa na mwanawe akamwagizia kinywaji. Watu wengi wanaobishana juu ya sheria ya miaka 21 hudhani kwamba inamkataza kijana wa miaka 20 kuonja pombe, ilhali inachofanya hasa ni kuufunga mlango wa duka. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini kwangu ndiyo kiini cha jambo lote.

Je, kufungwa kwa mlango huo kumeleta faida? Mamlaka ya shirikisho ya usalama barabarani, NHTSA, inakadiria kwamba sheria za umri zimeokoa maisha ya zaidi ya watu 30,000 tangu mwaka 1975. Wanaopinga hawaikubali hesabu hiyo kirahisi, na sababu zao si za kupuuza: katika miaka hiyohiyo mikanda ya usalama ilienea, magari yakaboreshwa, na sheria za madereva walevi zikakazwa, ikiwemo ile ya mwaka 1995 iliyoyasukuma majimbo kumhesabu dereva wa chini ya miaka 21 kuwa mlevi akikutwa na kilevi cha asilimia 0.02 tu katika damu. Tena Kanada, ambako umri ni 18 au 19 kutegemea jimbo, nayo iliona vifo vya barabarani vinavyotokana na ulevi vikipungua. Ningekuwa na Marekani peke yake kama ushahidi, huenda ningebaki na shaka zangu. Kilichonitoa upande ule ni nchi iliyofanya jaribio kwa kuelekea upande mwingine.

Nyuzilandi iliushusha umri wa kununua pombe kutoka miaka 20 hadi 18 mnamo Desemba 1999. Watafiti waliolinganisha ajali za barabarani kabla na baada ya badiliko hilo walichapisha matokeo yao mwaka 2006, na walikuta kwamba majeruhi wa miaka 18 na 19 waliongezeka ikilinganishwa na vijana waliowazidi kidogo kwa umri. Hilo lilitarajiwa. Lakini waliongezeka pia majeruhi wa miaka 15 hadi 17, kundi ambalo sheria mpya haikuliruhusu lolote, kundi ambalo kwenye karatasi lilikuwa limekatazwa pombe kabla ya badiliko na likaendelea kukatazwa baadaye.

Niliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza niliiweka karatasi chini, nikakiona tena kile kitambulisho chenye pembe kali. Mtoto wa miaka 15 hanunui pombe. Anayemnunulia ni mtu anayemjua, na watu anaowajua ni wale aliowazidi au waliomzidi kwa miaka miwili mitatu. Ukiweka umri kuwa 18, mnunuzi halali anaketi shule moja na mtoto wa miaka 15, anacheza naye mpira, analala chumba kimoja na mdogo wake. Ukiuweka kuwa 21, mnunuzi halali ameshamaliza shule, ana kazi au yuko chuoni, na hana sababu kubwa ya kukaa nyuma ya ukuta na watoto. Pombe bado itawafikia baadhi yao, maana hakuna sheria isiyopenya maji, lakini itapitia mikono mingi zaidi na kufika kwa wachache zaidi. Kwa hiyo ninapoulizwa kama kijana wa miaka 18 anastahili kuuziwa bia, huwa najibu kwamba pengine yeye anastahili, ila sheria hii haikutungwa kwa ajili yake peke yake. Nyuma yake kuna foleni ya wadogo asiowaona anapotia sahihi ya uhuru wake.

Bunge la Nyuzilandi lililirudia suala hilo mwaka 2012, likapiga kura, na umri ukabaki 18. Ni vigumu sana kumnyang'anya mtu kitu alichokwisha kupewa, na hilo nalo ni jambo la kufikiriwa na wanaosema tujaribu kushusha halafu tuone.

Najua jibu litakalofuata, kwa sababu nililitumia mwenyewe kwa miaka: Ulaya. Huko, tunaambiwa, mtoto huonjeshwa mvinyo mezani na wazazi wake, akajifunza kiasi, na akikua haoni pombe kuwa kitu cha ajabu cha kukimbiliwa. Ni picha ya kupendeza, na katika familia fulani ni kweli. Ujerumani inaruhusu bia na mvinyo kuanzia miaka 16, na hata 14 mbele ya mzazi, huku pombe kali ikisubiri miaka 18. Lakini uchunguzi unaofanywa kwa wanafunzi wa miaka 15 na 16 katika nchi nyingi za Ulaya umeonyesha mara kwa mara kwamba wanaokunywa ni wengi kuliko wenzao wa Marekani, na vijana wa Denimaki, ambao wamezoea pombe mapema, wamekuwa miongoni mwa wanaoongoza kwa kulewa. Kama kuzoeshwa mapema kungekuwa ndiyo dawa ya ulevi, wao ndio wangekuwa watulivu kuliko wote.

Zaidi ya hayo, Ulaya yenyewe imekuwa ikielekea upande wa pili. Ufaransa ilipandisha umri wa kuuziwa mvinyo na bia kutoka 16 hadi 18 mwaka 2009, Italia ikafanya vivyo hivyo mwaka 2012, Uholanzi mwaka 2014, na Lithuania ikavuka 18 na kufika 20 mwaka 2018. Japani iliposhusha umri wa utu uzima kutoka 20 hadi 18 mnamo Aprili 2022, iliuacha umri wa pombe palepale kwenye 20. Hizi si nchi zilizosikia mahubiri ya Wamarekani. Kila moja ilitazama hospitali zake na shule zake. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba Wamarekani wanaotaka kushusha umri huinukuu Ulaya ambayo Waulaya wenyewe wanaendelea kuiacha.

Kuhusu ubongo sitasema mengi, maana kila mtu siku hizi amekuwa daktari wa ubongo wa kijana. Inatosha kusema kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupima matokeo na kujizuia, huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1997 ulikuta kwamba kati ya watu walioanza kunywa kabla ya miaka 15, zaidi ya asilimia 40 walikuja kuwa watumwa wa pombe wakati fulani maishani, ilhali kwa walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi walikuwa kama asilimia 10. Takwimu hizo hazithibitishi kwamba umri peke yake ndio uliosababisha, kwa sababu mtoto anayeanza kunywa akiwa na miaka 13 mara nyingi ana matatizo mengine yaliyotangulia chupa. Hata hivyo sijawahi kukutana na uchunguzi unaosema kwamba kuanza mapema kulimsaidia mtu.

Sasa nifike kwenye lile jambo ambalo upande wangu wa zamani unalisema kwa usahihi. Mwaka 2008 wakuu zaidi ya 100 wa vyuo vya Marekani walitia saini tamko la kutaka umri wa miaka 21 ujadiliwe upya, wakiongozwa na John McCardell, aliyewahi kuwa mkuu wa chuo cha Middlebury huko Vermont. Malalamiko yao yalikuwa kwamba sheria haijawazuia wanafunzi kunywa, imewafundisha kujificha. Kwa kuwa hawawezi kwenda baa na kunywa bia moja taratibu mbele ya watu, wanabugia pombe kali chumbani, haraka haraka, kabla ya kutoka kwenda kwenye sherehe ambako hawatauziwa. McCardell alipendekeza kijana wa miaka 18 asome mafunzo kamili na kupewa leseni ya kunywa, kama anavyopewa leseni ya udereva. Pendekezo hilo siliungi mkono, kwa sababu leseni ya udereva hupimwa kila siku barabarani na askari, ilhali sijui ni nani angempima mnywaji mwenye leseni chumbani kwake. Lakini maelezo yake ya chumba chenyewe ni ya kweli.

Fikiria chumba hicho saa nane za usiku. Kijana amelala chali, hajibu akiitwa, anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida. Wenzake wanne wamesimama wakitazamana. Mmoja anasema tumwache alale, pombe itaisha. Mwingine anasema tumpe kahawa, au tummwagie maji. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosaidia, kwa sababu ini la mtu hushughulikia takriban kipimo kimoja cha pombe kwa saa, yaani chupa moja ndogo ya bia au toti moja ya pombe kali, na hakuna kahawa wala maji baridi yanayoliharakisha. Kibaya zaidi, pombe aliyoimeza dakika za mwisho bado iko tumboni na inaendelea kuingia kwenye damu ilhali yeye amelala, hivyo kiasi cha kilevi kinaweza kupanda baada ya kinywaji cha mwisho badala ya kushuka. Akitapika akiwa chali anaweza kukabwa na matapishi. Anachohitaji ni kugeuzwa ubavu, kutoachwa peke yake, na gari la wagonjwa. Wote wanne wana simu. Wanachojiuliza ni iwapo wakipiga watakamatwa, wataandikwa kwenye kumbukumbu za chuo, wazazi wao watajulishwa.

Kijana akifa katika chumba kile, sheria ya umri imeshiriki kumuua, na sioni namna ya kulikwepa hilo. Ila nikitazama vizuri naona kwamba kilichowafunga mikono wale wanne si umri wa kununua, ni adhabu iliyowekwa juu ya kichwa cha mnywaji. Vitu hivi viwili vinaweza kutenganishwa, na kwa kweli majimbo mengi ya Marekani yameshaanza kuvitenganisha kwa sheria za msamaha, zinazosema kwamba kijana anayepiga simu kumwombea mwenzake msaada hatashitakiwa kwa kosa la kunywa au kuwa na pombe. Ningekuwa mtunga sheria ningekwenda mbali zaidi. Ningeuacha umri pale ulipo, nikaondoa kabisa kosa la jinai kwa kijana aliyekutwa na bia yake mkononi, na uzito wote wa sheria nikauhamishia kwa anayeuza na kwa mtu mzima anayenunua kwa niaba ya mtoto. Katika majimbo kadhaa kijana aliyekutwa na pombe hunyang'anywa leseni ya udereva hata kama hakuwa karibu na gari lolote, na adhabu ya namna hiyo haimfunzi kitu isipokuwa kutafuta chumba kilichojificha zaidi.

Nasema uzito uende kwa muuzaji nikijua ninachokisema, kwa sababu miaka michache baada ya chupa ile mimi mwenyewe nilisimama nyuma ya kaunta kwa miezi minane nikiuza, pamoja na vitu vingine, pombe. Anayetekeleza sheria ya umri si polisi wala hakimu. Ni mtu mwenye mshahara mdogo, mwenye foleni ya watu saba mbele yake, anayejaribu kutoa mwaka wa kuzaliwa kutoka mwaka uliopo huku mteja akimwambia kwa sauti kwamba anamdhalilisha. Tarakimu kwenye vitambulisho tulivyokuwa tukionyeshwa zilikuwa ndogo, taa ilikuwa hafifu, na nina hakika kwamba nilikosea zaidi ya mara moja, mara nyingine kwa uchovu na mara nyingine kwa woga. Majimbo mengi ya Marekani yametatua sehemu ya tatizo hilo kwa njia rahisi ambayo naihusudu: leseni ya mtu aliye chini ya miaka 21 huchapishwa kwa wima, na ya mtu mzima kwa ulalo, hivyo muuzaji anaona jibu kabla hajasoma tarakimu yoyote. Ningepewa kadi za namna hiyo, ningeokoka mabishano mengi.

Hata hivyo kadi hiyo isingenisaidia siku ya chupa yetu. Mimi ningekuwa kwenye kaunta ile, ningemwuzia kaka yule bila kusita, kwa kuwa alikuwa na miaka 18 na wiki tatu, na sheria ya mahali petu iliridhika hapo. Ingeandikwa 21, angetoka mikono mitupu, nasi tungelazimika kumtafuta mtu wa miaka 21, na nimejaribu mara nyingi kukumbuka tulimjua nani wa umri huo ambaye angekubali kutusikiliza. Hadi leo sijampata.

Kaka yule nilikutana naye mwaka jana kwenye harusi ya rafiki yetu mmoja. Ameota mvi, anavaa miwani, na bado ananiita mdogo wangu. Nilimkumbusha chupa ile, akacheka sana, akaapa kwamba haikumbuki hata kidogo. Anachokumbuka ni ile chenji, kwa sababu alikwenda kuinunulia soda. Nikamwuliza, kwa kuwa ndicho nilichokuwa nikikiandika siku hizo, kama yeye angeuweka umri kwenye 18 au 21. Hakunijibu papo hapo. Aliwatazama wanawe wawili waliokuwa wameketi meza ya mwisho, wamekaribiana vichwa wakinong'onezana, akaanza kuhesabu kwa vidole. "Mkubwa anatimiza 18 mwezi ujao," akasema. "Na huyo mwingine ana 15."